Sikoseli ni herufi moja tu iliyokosewa, sasa kwanini ndugu wawili wanaumwa tofauti?

Familia nyingi zenye watoto wa sikoseli zinalijua hili swali bila kufundishwa na mtu. Watoto wawili, baba mmoja mama mmoja, wote wamepimwa wakaonekana SS, yaani kila mmoja amerithi kosa la sikoseli kwa baba na kwa mama, wanakula chungu kimoja na kulala kwenye neti moja, lakini mmoja kila baada ya wiki chache yuko wodini na maumivu ya mifupa na kuongezewa damu kwake imekuwa kawaida, wakati mwenzake anamaliza sekondari na kulazwa kalazwa mara za kuhesabu. Wazazi wanaanza kutafuta sababu, mara huyu hanywi maji ya kutosha, mara huyu kapigwa na baridi, na kweli maji na baridi na malaria vinachangia, ila hata ukivisawazisha vyote tofauti inabaki palepale. Hapo ndo inapoanza habari ya jeni kuingiliana, na ndo maana siku hizi watu wa vinasaba wanashinda kwenye kompyuta kuliko kwenye darubini.

Tuanze na kosa lenyewe. DNA ya binadamu ina herufi kama bilioni 3 hivi, na kwenye sikoseli kosa liko kwenye herufi moja tu, ndani ya jeni inayoitwa HBB iliyoko kromosomu namba 11, pale palipotakiwa kusomeka GAG pamesomeka GTG, yaani A imekuwa T, basi. Himoglobini, protini inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa mtu mkubwa inaundwa na vipande vya alfa na vya beta, na HBB ndo inayotoa beta. Beta inapojengwa inawekwa valini mahali pa asidi ya glutamiki (zote ni asidi amino, matofali ya protini), na hiyo himoglobini mpya, tunaiita S, ikishaachia oksijeni inashikana na wenzake na kutengeneza nyuzi ndefu ngumu ndani ya chembe nyekundu, chembe inapinda, inakwama kwenye vimishipa vidogo, na inavunjika mapema kabla ya muda wake. Linus Pauling na wenzake walionyesha mwaka 1949 kwamba tatizo liko kwenye molekuli ya himoglobini yenyewe, miaka michache baadaye Vernon Ingram akaonyesha ni asidi amino moja tu iliyobadilika. Kwa hiyo kwenye vitabu sikoseli ikaingia kwenye orodha ya magonjwa ya jeni moja.

Ni kweli, lakini ni nusu ya habari.

Mwaka 1948, daktari Janet Watson kule New York aliona kitu kuhusu watoto wachanga wenye sikoseli: damu yao ilikuwa na chembe chache sana zinazopinda, akahisi ni kwa sababu bado wana ile himoglobini ya tangu tumboni mwa mama, himoglobini F. Alikuwa sahihi. F haitumii beta, inatumia gamma, na gamma haina lile kosa, tena ikichanganyika na S inazuia nyuzi zisirefuke. Shida ni kwamba mtoto akikua mwili unaizima gamma na kuwasha beta, ndo maana dalili nyingi huanza kujitokeza mtoto akikaribia au akipita miezi sita. Ila kuna watu ambao mwili wao hauizimi yote. Mashariki mwa Saudi Arabia, maeneo ya Qatif na Al-Ahsa, wapo wagonjwa wengi wa SS ambao F yao inabaki juu hata ukubwani na ugonjwa wao kwa wastani ni mwepesi kuliko wa wagonjwa wa Afrika. Kosa la herufi ni lilelile, jirani zake ndo tofauti.

Hao majirani tunawajua kiasi sasa. Iko BCL11A kwenye kromosomu 2, hii kazi yake mojawapo ni kuizima gamma. Iko sehemu kati ya jeni mbili, HBS1L na MYB, kwenye kromosomu 6, nayo inagusa kiwango cha F. Ziko jeni za alfa kwenye kromosomu 16, kila mtu kwa kawaida anazo nne, ila Afrika watu wengi sana wamezaliwa na tatu au mbili, hali inayoitwa thalasemia ya alfa, na mgonjwa wa SS mwenye alfa pungufu chembe zake hazivunjiki haraka sana na hatari ya kiharusi inashuka, lakini maumivu hayapungui, wengine ndo yanazidi kwa sababu damu inakuwa nzito zaidi. Jeni ileile inasaidia huku inaumiza kule. Iko APOL1 kwenye kromosomu 22 inayohusika na figo. Na iko UGT1A1, hii wazazi wengi wameiona kazi yake bila kujua jina lake, manake ndo inayoamua ini linaondoa kwa kasi gani ile rangi ya njano inayotokana na chembe zilizovunjika, kwa hiyo mtoto mmoja macho yake yanaweza kuwa ya njano kila siku kuliko ya mwenzake na wala haimaanishi ugonjwa wake ni mkali zaidi, ingawa vijiwe vya nyongo anaweza kupata mapema.

Sasa tukija kwenye neno mwingiliano, hapa watu wengi wanachanganya. Jeni mbili kuchangia ugonjwa mmoja siyo mwingiliano. UGT1A1 na thalasemia ya alfa zote zinagusa uwezekano wa kupata vijiwe vya nyongo kwa mgonjwa wa sikoseli, na watafiti walipopima walikuta athari zake zinajumlishika tu, hii inaongeza kiasi chake, ile inapunguza kiasi chake, unapiga hesabu unapata jibu. Mwingiliano ni pale ambapo huwezi kusema jeni A inafanya nini mpaka umejua jeni B ikoje. Ni sawa na koki ya nje ya nyumba na koki ya jikoni: ukiulizwa koki ya jikoni ikifunguliwa maji yanatoka kwa kasi gani, jibu linategemea ya nje iko wazi au imefungwa, na kama imefungwa basi ya jikoni ifungue utakavyo, hamna kitu.

Mfano bora kabisa ninaoujua wa jambo hili umetoka Kilifi, pwani ya Kenya, na naona haukutajwa vya kutosha huku kwetu. Inajulikana tangu Anthony Allison alipochapisha kazi zake mwaka 1954 kwamba mtu mwenye nakala moja tu ya S, yaani AS, hana ugonjwa wa sikoseli lakini ana kinga kubwa dhidi ya malaria kali. Thalasemia ya alfa nayo inakinga, kidogo kuliko AS. Watu wakawa wanadhani mwenye zote mbili lazima awe na kinga maradufu. Mwaka 2005 Thomas Williams na wenzake wa kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI na Wellcome pale Kilifi wakachapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto wa eneo hilo, na wakakuta kinyume: mtoto aliyerithi zote mbili kinga inapotea, anarudi karibu na yule asiye na chochote.

Tuiangalie kwa namba ili uone kompyuta inachotafuta ni nini hasa. Namba hizi nimezitunga kurahisisha hesabu, siyo za Kilifi. Chukua watoto 1,000 wasio na kinga yoyote, 40 wanapata malaria kali. Kati ya 1,000 wenye thalasemia ya alfa peke yake wanapata 20, kinga ya nusu. Kati ya 1,000 wenye AS peke yake wanapata 4, yaani moja ya kumi. Kama hizi kinga mbili hazina habari na mwenzake, wenye zote mbili utategemea nusu ya moja ya kumi ya 40, ambayo ni 2. Ukienda ukakuta 2 au 3, hamna mwingiliano. Ukikuta 35, kuna kitu kikubwa kimetokea. Kwenye kompyuta unaandika modeli mbili, ya kwanza ina athari ya alfa na athari ya AS tu, ya pili unaongeza kipengele cha tatu ambacho ni alfa mara AS, halafu unauliza je hicho kipengele cha tatu kimeifanya modeli ilingane na data kuliko ambavyo bahati tu ingeweza. Angalia pia kwamba nilizidisha, sikujumlisha. Ukiamua kujumlisha unapata picha nyingine kabisa, manake alfa imeondoa 20 na AS imeondoa 36, jumla 56, wakati wagonjwa walikuwa 40 tu! Kwa hiyo mtu akikuambia amekuta mwingiliano wa jeni muulize kwanza amepima kwa kipimo gani, kuna miingiliano inayoonekana kwenye kipimo kimoja na kupotea kwenye kingine.

Na kwanini Kilifi ilikuwa vile? Maelezo yanayokubalika zaidi yako ndani ya chembe yenyewe. Mtu wa AS mwenye alfa zote nne, himoglobini yake kama asilimia 40 ni S. Alfa zikipungua, beta ya kawaida na beta ya S zinaanza kugombania alfa chache zilizopo, na beta ya S inashindwa kwa sababu lile kosa limeiondolea chaji hasi moja, alfa inavutwa zaidi na ile ya kawaida. S inashuka, kwa mwenye alfa mbili tu inaweza kuwa chini ya asilimia 30. Na S ndo iliyokuwa inamsumbua mdudu wa malaria. Yaani mwingiliano ulioonekana kwenye karatasi ya takwimu una mwili wake kabisa kwenye kemia, na kwangu mimi huo ndo mwingiliano wa kuuamini.

Haya, Kilifi walikuwa wanajua jeni gani mbili wazipime. Sasa fikiria hujui. Binadamu ana jeni kama 20,000 zinazotengeneza protini, ukitaka kujaribu kila jozi ni karibu milioni 200. Lakini watafiti hawapimi jeni nzima, wanapima vituo, herufi zinazotofautiana kati ya mtu na mtu, na kipimo cha kawaida kinaweza kuwa na vituo 500,000, jozi zake ni kama bilioni 125, ukisema utatu utatu inapita trilioni 20,000. Hizo jozi kompyuta nzuri za leo zinazimaliza, hilo tatizo la kasi lina dawa. Tatizo lisilo na dawa rahisi ni bahati. Kwenye takwimu tumezoea kusema kitu kina maana kama uwezekano wa kutokea kwa bahati ni chini ya asilimia 5, sasa ukifanya majaribio bilioni 125 kwa kiwango hicho, zaidi ya bilioni 6 yatakubali kwa bahati tu bila kuwepo ukweli wowote. Ndo maana kwa kituo kimoja kimoja watafiti hawakubali mpaka uwezekano wa bahati uwe chini ya 5 kwa milioni 100, na kwa jozi ukitaka kuwa mkali vilevile unashuka mpaka 4 kwa trilioni 10. Kupita hapo unahitaji watu wengi sana.

Wangapi? Chukua mabadiliko mawili ambayo kila moja liko kwenye asilimia 10 ya nakala za jeni yake kwenye jamii. Mtu mwenye nakala mbili za la kwanza ni 1 kati ya 100, mwenye nakala mbili za la pili ni 1 kati ya 100, mwenye zote ni 1 kati ya 10,000. Hospitali ya Muhimbili wana moja ya makundi makubwa ya wagonjwa wa sikoseli duniani wanaofuatiliwa sehemu moja, lilianza 2004, na utafiti wao wa mwaka 2014 uliopitia jenomu nzima, yaani DNA yote, kutafuta kinachoamua himoglobini F ulitumia wagonjwa zaidi ya 1,200. Kazi ilifanikiwa, BCL11A na ile sehemu ya HBS1L na MYB zilijitokeza wazi kwa wagonjwa wa Tanzania. Lakini kwa ule mfano wangu wa jozi, kati ya watu 1,200 hutegemei kumpata hata mmoja. Hamna programu itakayojifunza kutoka kwa mtu ambaye hayupo kwenye data.

Kwa hiyo watu wakatafuta njia za kupunguza mzigo. Moja ni kuchuja kwanza, unachukua vituo vilivyoonyesha dalili vikiwa peke yake halafu ndo unavijaribu viwili viwili, ni rahisi, ila itakosa kabisa jeni ambayo peke yake haionekani na inafanya kazi ikiwa na mwenzake tu. Nyingine ni kutumia biolojia kama ramani, kuna hifadhi za data kama STRING zinazokusanya protini gani inashikana au inafanya kazi na protini gani, unajaribu jozi zile tu ambazo kuna sababu ya kuzishuku. Hii naipenda, ingawa ina upofu wake, jeni zilizosomwa sana zina mistari mingi kwenye ramani na jeni ambayo hakuna aliyejishughulisha nayo inabaki pembeni kana kwamba haina kazi. Halafu kuna mashine kujifunza, misitu ya miti ya maamuzi na jamaa zake, ambazo huziambii jozi ipi, zinatafuta zenyewe mchanganyiko unaotenganisha wagonjwa wa aina hii na ile.

Kuna kisa kimoja cha sikoseli ambacho kila anayeingia kwenye fani hii angekisoma. Mwaka 2005, mwaka uleule wa Kilifi, Paola Sebastiani, Martin Steinberg na wenzao wa Boston walitumia mtandao wa Bayesi kutabiri kiharusi. Mtandao wa Bayesi kwa kifupi ni mchoro wa vitu vinavyotegemeana, kila mshale una uwezekano wake, kompyuta inajaribu michoro mingi na kubakiza ule unaoelezea data vizuri. Walichukua wagonjwa 1,398, vituo 108 kwenye jeni 39, wakabaki na vituo 31 kwenye jeni 12 ambavyo pamoja na himoglobini F vinaamua hatari ya kiharusi, na walipoujaribu mtandao wao kwa wagonjwa wengine 114 ulipatia asilimia 98.2. Ni namba ya kushangaza, mtu unaweza kudhani kazi imeisha. Miaka iliyofuata watafiti wengine wa Marekani wakavijaribu vituo hivyohivyo kwa watoto wengine waliopata kiharusi na wasiopata, na vichache tu ndo vilisimama, pamoja na thalasemia ya alfa ambayo ilikuwa inajulikana toka zamani kwamba inakinga. Siyo kwamba wale wa kwanza walidanganya, njia yao ilikuwa ya maana na waliifanya kwa uwazi. Ila wagonjwa wenye kiharusi kwenye data ya namna hii huwa wachache, modeli yenye sehemu nyingi ina uhuru mkubwa wa kujibadilisha ifanane na hao wachache, na hata ukijaribu kwa watu 114 bado ni 114.

Kinachozidisha ugumu ni asili ya watu. Waafrika tuna tofauti nyingi zaidi kwenye DNA kuliko watu wa bara lingine lolote, na vipande vya DNA vinavyorithiwa pamoja kwetu ni vifupi zaidi kwa sababu jamii zetu ni za kale, hivyo kipimo kilichoundwa kwa kuangalia Wazungu kinaruka mambo mengi yetu. Pia ukichanganya wagonjwa wa Dar, Accra na Detroit bila kuangalia asili, kompyuta itakuletea jozi ya jeni ambazo hazina uhusiano wowote na ugonjwa, zinaonyesha tu nani katoka wapi. Mradi wa H3Africa ulioanza 2012 ulijengwa kwa sababu kama hizi, ulifadhili tafiti zikifanywa na Waafrika humuhumu na kuandaa kipimo kinachozingatia DNA za Afrika, na mtandao wa SickleInAfrica unaunganisha kumbukumbu za wagonjwa wa Tanzania, Ghana, Nigeria na kwingineko, kitovu cha data kikiwa Chuo Kikuu cha Cape Town. Kazi inayochosha kule siyo algorithimu. Ni kuhakikisha hospitali zote zinaandika "maumivu makali" kwa maana moja, manake kama hapa ni kulazwa na pale ni kumeza paracetamol, jeni hata ikiwa na nguvu vipi haitaonekana.

Na inapofanikiwa inalipa. Mwaka 2007 tafiti za jenomu nzima zilikuwa zinatafuta tu nani ana himoglobini F nyingi, kompyuta ikaelekeza kwenye BCL11A, jeni iliyokuwa inajulikana kwa habari za saratani ya damu na hakuna aliyeihusisha na gamma. 2008 maabara ya Boston ikaonyesha kwamba ukiipunguza, gamma inawaka. 2013 wakaonyesha kwamba ile sehemu inayotofautiana kati ya watu haiko kwenye jeni yenyewe, iko kwenye swichi yake inayofanya kazi kwenye chembe nyekundu, hivyo unaweza kuizima pale tu bila kuharibu kazi zake kwingine mwilini. Mwishoni mwa 2023 Uingereza halafu Marekani zikaidhinisha Casgevy, tiba inayokata swichi hiyohiyo kwenye seli za uboho za mgonjwa mwenyewe. Hawakugusa kosa la HBB hata kidogo, walitumia uhusiano kati ya jeni mbili. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa, na inaniuma kuandika hivyo nikijua Tanzania watoto wanaozaliwa na sikoseli kwa mwaka wanakadiriwa kufika 11,000.

Kwa mzazi anayesoma hapa, hamna kwa sasa kipimo cha jeni kitakachochukua mate ya mwanao na kusema atapata kiharusi au hatapata, na mtu akikuuzia hicho usinunue. Vipo vitu vya kupima leo. Kiwango cha himoglobini F kinapimika. Thalasemia ya alfa inapimika kwenye maabara zenye uwezo. Kwa mtoto wa SS wa miaka 2 hadi 16 kuna ultrasaundi ya mishipa ya kichwani, inapima kasi ya damu, ikifika sentimita 200 kwa sekunde hatari ya kiharusi ni kubwa na daktari anachukua hatua, na hiyo kasi ndani yake imeshabeba kazi ya jeni zote tulizozijua na tusizozijua. Dawa ya haidroksiyurea inapandisha F bila kusubiri nani ana BCL11A ya aina gani, ilijaribiwa kwa watoto wa Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, matokeo yakatoka 2019, maumivu yalipungua, malaria ilipungua, kuongezewa damu kulipungua na vifo vilipungua. Kupanda kwa F kunatofautiana mtoto na mtoto, na hilo ni swali lingine ambalo kompyuta zinalifanyia kazi, ila la kumuuliza daktari kliniki ijayo ni kama mwanao anaweza kuanza dozi.